Kuchagua kifaa cha kuongozea kando ya mhimili: mwongozo kwa wapiga picha wa nyota wa Unguja na Pemba

Usiku wa kwanza nilioipeleka darubini ya kioo ya inchi 8 Makunduchi, grafu ya uongozaji, yaani mchoro wa jinsi stendi inavyoifuata nyota, ilinipendeza hadi alfajiri. Mstari umelala, kosa halizidi sekunde 0.7 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3600 ya nyuzi moja). Asubuhi nikazifungua picha za dakika tano tano kwenye kompyuta, na nyota zote zilikuwa ndefu kama punje za mchele, zimeelekea upande mmoja. Darubini ndogo ya kuongozea, iliyofungwa mgongoni mwa ile kubwa, ilikuwa imeifuata nyota yake bila kosa. Kubwa ndiyo iliyokuwa ikienda zake.

Sababu yake si siri. Katika darubini ya aina ya Schmidt-Cassegrain, kioo kikubwa huteleza juu ya bomba la katikati ili kupata fokasi, na darubini inapogeuka kutoka mashariki kwenda magharibi kioo hicho huegemea upande mwingine, kidogo sana, lakini kwa urefu wa fokasi wa milimita 2032 kidogo hicho ni kingi. Vibano navyo hunyumbuka. Darubini ndogo ya mgongoni haina habari na yote hayo. Dawa ni kuichukua nyota ya kuongozea kutoka ndani ya darubini ileile inayopiga picha: prizimu ndogo huingizwa ukingoni mwa mwanga kabla haujafika kwenye kamera kubwa, ikaupinda mwanga huo nyuzi 90 kuelekea kamera ndogo ya kuongozea. Kioo kikisogea, kamera zote mbili huona, na stendi husahihisha. Kwenye maboksi kifaa hiki kimeandikwa OAG (off-axis guider), nami nitakiita hivyo.

Sisi wa visiwani hatuna duka la kuingia tukajaribu kimoja, tukarudisha, tukachukua kingine. Mzigo unatoka mbali, na kuurudisha kunakula pesa na miezi. Kwa hiyo mpangilio wa kuchagua ni muhimu kuliko jina la mtengenezaji. Anza na rula, kisha prizimu, kisha kamera. Wengi huanza na kamera, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Hatua ya kwanza: hakikisha ugonjwa wako ndio huu

Piga picha kumi za dakika tano za sehemu moja ya anga, bila kugusa chochote, huku ukiongoza kwa darubini yako ndogo kama kawaida. Kesho yake fungua ya kwanza na ya kumi, uziweke moja juu ya nyingine. Kama grafu ilikuwa tulivu lakini nyota zimehama kwa pikseli kadhaa, tena kwa mwendo ule ule picha hadi picha, darubini mbili hizo zinapishana. OAG itakuponya.

Kama nyota zimehama na grafu nayo ilikuwa ikirukaruka, tatizo liko kwenye stendi, upepo au mpangilio wa ncha (kuelekeza mhimili wa stendi kwenye ncha ya anga), na OAG haitakusaidia kitu. Kusi kikivuma mwezi wa Julai pwani ya mashariki, hakuna prizimu inayoweza kuuzuia upepo usiisukume darubini. Sogea nyuma ya ukuta, au usubiri maleleji.

Na kama unatumia darubini ya lenzi yenye urefu wa fokasi chini ya milimita 500 au 600, baki na darubini ndogo ya kuongozea. Ifunge kwa skrubu imara na pesa yako uiweke kwa jambo jingine. Kwa maoni yangu OAG huanza kuwa na maana kwenye milimita 800, na kwa darubini za vioo vinavyosogea, kama hiyo ya inchi 8, ni lazima.

Hatua ya pili: pima nafasi iliyopo

Lenzi nyingi za kunyoosha uga, zinazofanya nyota za ukingoni ziwe kali kama za katikati, hutaka kihisio cha kamera (kipande kinachopokea mwanga) kikae milimita 55 kamili nyuma yake. Lenzi ya Celestron ya kufupisha urefu wa fokasi hadi f/6.3 (namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa darubini), inayotumika sana na darubini za inchi 8, hutaka milimita 105. Chochote unachoongeza katikati lazima kiingie ndani ya umbali huo.

Chukua karatasi ujumlishe. Kamera nyingi zenye kupoozwa hula milimita 17.5 kutoka uso wake hadi kwenye kihisio. Gurudumu la filta la kampuni ya ZWO hula 20. OAG ya kawaida ya kampuni hiyohiyo hula 16.5. Jumla ni 54. Kwa lenzi ya milimita 55 imebaki milimita 1 tu. Usisahau kwamba kioo cha filta chenye unene wa milimita 2 huisogeza fokasi nyuma kwa takriban milimita 0.7, kwa hiyo pete za kujazia zinazohitajika ni za milimita 1.7. Inawezekana, lakini huna nafasi ya kupoteza.

Wenye kamera za kawaida za kioo (DSLR) wasikie hili kabla hawajalipa. Canon ya mlango wa EF inakula milimita 44 peke yake. Ukitoa kwenye 55 zimebaki 11, na OAG ya unene wa 16.5 haiingii kwa namna yoyote. Niliyeagiza kwake cha kwanza alinihakikishia kwamba kinaingia kamera zote. Kilikaa kabatini miezi minane. Ukiwa na kamera isiyo na kioo mambo ni mepesi zaidi: Canon ya RF inakula milimita 20, Sony ya E inakula 18, Nikon ya Z inakula 16, na OAG inapata nafasi yake.

Mwenye milimita 105 atabaki na 51 za kujaza. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanaziweka pete za kurefusha kati ya OAG na kamera. Ziweke mbele, kati ya lenzi ya kufupisha na OAG. Sababu yake iko katika hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: prizimu

Hili ndilo jambo lisiloandikwa kwenye matangazo, na ndilo linaloamua kama utaziona nyota au utakaa usiku kucha ukitazama skrini tupu.

Mwanga wa kila nyota hufika kwenye kihisio ukiwa na umbo la pia ya kuchezea: mpana nyuma, mwembamba mbele. Prizimu inaukata mwanga huo kabla haujawa nukta. Upana wa pia hiyo pale ilipo prizimu unaupata kwa kugawanya umbali kutoka prizimu hadi kihisio kwa namba ya f. Katika mpangilio wangu, nusu ya unene wa OAG ni kama 8, gurudumu 20, kamera 17.5, jumla kiasi cha milimita 45. Kwa f/10 pia hiyo ina upana wa milimita 4.5. Kwa f/6.3 ni milimita 7.1. Kwa f/5 ni milimita 9.

Sasa weka prizimu ya milimita 8 kwa 8, ambayo ndiyo imo kwenye OAG nyingi za bei nafuu. Kwa f/10 inabaki sehemu ya milimita 3.5 ambayo nyota zake zinapata mwanga wote. Kwa f/6.3 inabaki chini ya milimita 1. Nyota nyingine zote zimekatwa sehemu ya mwanga wake. Kwa f/5 hakuna hata nyota moja inayopata mwanga kamili. Prizimu ya milimita 12 kwa f/6.3 inakupa karibu milimita 5 za mwanga kamili. Tofauti hiyo utaiona kwa macho usiku wa kwanza.

Ndiyo maana nikasema pete ziwe mbele. Kila milimita unayoiongeza kati ya OAG na kamera inaipanua pia ya mwanga, na prizimu inazidi kuwa ndogo.

Basi uamuzi wangu ni huu. Ukipiga kwa f/10 bila lenzi ya kufupisha, prizimu ya milimita 8 itakufaa. Ukifupisha hadi f/7 au chini ya hapo, tafuta ya milimita 12: OAG-L ya ZWO inayo, na ile ya Celestron ina milimita 12.5. Bei iko juu, uzito pia, lakini hapa usibane.

Prizimu ikae upande mrefu wa kihisio, si upande mfupi wala kwenye kona. Kihisio cha ukubwa wa APS-C ni milimita 23.5 kwa 15.7, kutoka katikati hadi ukingo wa upande mrefu ni chini ya milimita 8, lakini hadi ukingo wa upande mfupi ni karibu 12. Unavyoikaribia katikati ndivyo nyota zinavyokuwa mviringo na ang'avu. Wenye vihisio vya fremu kamili wakiweka darubini ya inchi 8 na lenzi ya kufupisha, ukingo wa picha wenyewe umeshafifia, na prizimu inachungulia mahali ambapo mwanga umekwisha. Kwa darubini hiyo APS-C inatosha.

Hatua ya nne: kamera ya kuongozea

Urefu wa fokasi sasa ni ule wa darubini kubwa, kwa hiyo kipande cha anga unachokiona ni kidogo kama tundu la ufunguo. Kamera ya ASI120MM Mini, yenye kihisio cha milimita 4.8 kwa 3.6, kwa milimita 2032 inaona dakika 8 kwa 6 za tao. Mwezi mpevu una upana wa dakika kama 30. ASI174MM Mini ina kihisio cha milimita 11.3 kwa 7.1, na inaona dakika 19 kwa 12, eneo kubwa zaidi ya mara nne.

Je, unahitaji hiyo kubwa? Jibu linategemea unapiga nini, na hapa anga letu lina neno. Kuanzia Mei hadi Agosti, Nge na Mshale vikipita juu, na Njia Nyeupe imejaa nyota, hata kamera ndogo itapata ya kufuata. Nebula ya Eta Carinae ni hivyohivyo. Lakini ngoja Oktoba, uitafute galaksi ya NGC 253. Kwetu inapanda hadi nyuzi 71 juu ya upeo, mahali pazuri kabisa, lakini iko karibu na ncha ya kusini ya galaksi yetu, mbali na Njia Nyeupe, na nyota huko ni chache. Nilikaa Jambiani usiku mzima na kamera ndogo, nikizungusha OAG nyuzi kumi, nikangoja, nikazungusha tena, na kila nilipozungusha, mpangilio wa picha uliharibika. Siku hizi napima chaguo langu kwa galaksi hiyo. Kifaa kikiiweza NGC 253, vingine vyote kitaviweza.

Kumbuka pia kwamba kihisio kikubwa nyuma ya prizimu ndogo ni pesa ya bure. ASI174 nyuma ya prizimu ya milimita 8 inaonyesha duara la mwanga katikati na giza pembeni. Kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Kati ya hizo mbili iko ASI290MM Mini, milimita 5.6 kwa 3.2, na kihisio chake kinaona nyota hafifu vizuri. Pikseli zake ni ndogo, mikroni 2.9, kwa hiyo kwa milimita 2032 ziunganishe mbili kwa mbili kwenye programu, mwanga ujae. Kwa prizimu ya milimita 8 na f/10, hiyo ndiyo ningeinunua.

Chukua ya nyeusi na nyeupe, si ya rangi. Na kama stendi yako ni ya zile mpya zisizotumia mizani, ambazo kosa lake hubadilika haraka na hutaka masahihisho kila sekunde 1 au chini yake, ongeza bidii kwenye prizimu na kamera. Stendi ya gia za kawaida inakuruhusu kusubiri sekunde 3 hadi nyota hafifu ijitokeze. Hiyo nyingine haikusubiri.

Hatua ya tano: vile vidogo

Fokasa ya kuzungusha kwenye shingo ya kamera ndogo si anasa. Bila hiyo utakuwa unaisukuma kamera kwa kidole na kukaza skrubu, nayo inahama unapokaza. OAG ikae mbele ya filta, kamera ndogo ipate mwanga wote. Ukiiweka nyuma ya filta ya haidrojeni nyota zitatoweka. Viungo viwe vya kuskrubu, si vya kuchomeka.

Hatua ya sita: fokasi, mchana kweupe

Usisubiri usiku. Fanya jioni kabla jua halijazama, ukilipa jua mgongo, darubini isielekee huko hata kwa bahati mbaya. Tafuta kitu kilicho mbali sana: mnara wa simu ng'ambo ya ghuba, au ncha ya mlingoti wa jahazi lililotia nanga nje ya mwamba. Fokasi kwanza kamera kubwa hadi uzione kamba za mlingoti moja moja. Kuanzia hapo fokasa ya darubini usiiguse tena.

Sasa washa kamera ndogo. Utaona ukungu mweupe. Zungusha fokasa yake taratibu hadi ukungu uanze kuwa na ukingo, kisha mstari, kisha kamba. Ukiivuta nje yote na bado haijafika, ongeza pete kati ya OAG na kamera ndogo. Ukiisukuma ndani yote na bado haijafika, kamera ndogo iko mbali mno, na njia ni kuongeza nafasi upande wa kamera kubwa. Umbali wa kamera zote mbili kutoka kwenye prizimu lazima ulingane. Ukipata, kaza, na utie alama ya rangi ya kucha kwenye fokasa. Usiku rekebisha kidogo kwa nyota. Usishangae nyota za kamera ndogo zikiwa na umbo la kipepeo au koma. Ziko ukingoni mwa darubini. Programu inahitaji kitovu cha mwanga tu, si nyota nzuri.

Halafu elekeza darubini kwenye ukuta mweupe wenye mwanga sawa, upige picha ya flati. Ukiona kivuli cha mstatili ukingoni, prizimu imeingia ndani mno. Irudishe nyuma milimita moja moja hadi kivuli kiondoke.

Hatua ya saba: usiku wa kwanza

Kwetu ncha ya anga ya kusini iko juu ya upeo kwa nyuzi 6 tu Unguja, na 5 Pemba. Sigma Octantis, nyota ya ukubwa wa 5.4 iliyo karibu na ncha hiyo, imezama kwenye mvuke wa bahari. Mimi sijawahi kuiona kutoka ufukweni. Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo. Panga stendi kwa mbinu ya kutazama nyota inavyoteleza, ambayo PHD2, programu ya kuongozea, inayo ndani yake, nayo ni ya bure. Kwa mwenye OAG hili lina uzito maalumu: ncha ikikosewa, picha huzunguka polepole kuizunguka nyota ya kuongozea, na kwa kuwa nyota hiyo iko ukingoni, kona ya upande wa pili ndiyo inayochorwa mistari mirefu kuliko zote. Ukiona kona moja safi na ya mkabala wake imeharibika, rudi kwenye ncha.

Angalia pia kama stendi yako inashuka hadi nyuzi 5 au 6. Nyingi hukwama juu ya hapo. Bamba la mteremko chini ya kichwa ni salama zaidi kuliko kufupisha mguu wa tripodi, na hakikisha fimbo ya mizani haigongi mguu.

Mzee mmoja wa Makunduchi, ambaye huniruhusu kutumia uwanja wake, alinitazama nikifunga tripodi mchangani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanambia, "Mwanangu, njoo hapa penye jabali. Mchanga hukubali mchana, usiku hukataa." Tangu siku hiyo naweka miguu mitatu juu ya mwamba wa matumbawe, na grafu imetulia. Pasipo na jabali, vipande vitatu vya mbao pana chini ya miguu vitasaidia.

Kabla ya kuongoza, funika darubini upige maktaba ya picha za giza kwa kila muda utakaotumia. Huku hata usiku kuna joto, kamera ndogo haipoozwi, na kihisio kinajaa pikseli moto zinazong'aa kama nyota. Bila maktaba hiyo programu itaichagua pikseli moto, grafu itanyooka kama uzi, na picha itateleza.

Kisha andika kwenye PHD2 urefu wa fokasi ulio sahihi, yaani wa darubini kubwa pamoja na lenzi ya kufupisha. Wengi husahau hapo ule wa darubini ndogo waliyoiacha. Fanya urekebishaji wa kwanza (programu ijifunze stendi inavyosogea) karibu na ikweta ya anga, ambayo kwetu inapita nyuzi 6 tu kaskazini ya utosi. Jioni za Februari Nebula ya Orioni inapita karibu kabisa juu ya kichwa. Nyota za jirani yake ni mahali pazuri pa kuanzia. Washa uongozaji wa nyota nyingi kama zipo, weka sekunde 2 hadi 3, uache ifanye kazi. Ukizungusha kamera kwa ajili ya kupanga picha, OAG imezunguka nayo, kwa hiyo rudia urekebishaji. Ndiyo maana mchana napanga kwenye Stellarium, programu ya ramani ya anga, na kuchagua pembe moja itakayonipa nyota, kisha siigusi hadi nimalize picha hiyo.

Kuirudisha nyumbani

Hewa ya bahari huacha chumvi juu ya kila kitu. Skrubu ndogo za OAG hushika kutu haraka. Zibadilishe mapema na za chuma kisichoshika kutu, usisubiri zing'ang'anie. Usikifungie kifaa ndani ya sanduku kikiwa na umande. Kiache wazi ndani ya nyumba hadi kikauke, ndipo ukiweke pamoja na vifuko vya silika, maana kuvu wa kwenye vioo hupenda joto na unyevu wetu. Prizimu ipulize kwa mpira wa hewa kwanza. Ikiwa na doa la chumvi, tumia karatasi ya lenzi yenye tone la maji yaliyotiwa dawa ya lenzi, upitishe mara moja upande mmoja bila kusugua.

Ukisafiri kwa boti kwenda Pemba, usiitenganishe OAG na kamera zake. Zifunge pamoja kama kipande kimoja ndani ya sponji, na ukifika Wete au Chake Chake, angalia alama ya rangi ya kucha kwenye fokasa kabla jua halijazama.